Kondoo Azungukaye Ana Nini Kichwani?

Ndugu mkulima, je, umepata kumwona kondoo aliyeachwa nyuma na wenzake, akizunguka mahali pamoja kana kwamba amefungwa kigingini, kumbe hana kamba? Ukimwona, usikimbilie sindano, wala usimtafute mchawi. Kwanza mchunguze.

Mkulima mmoja wa skimu alifika ofisini kwetu kuomba dawa ya maji moyo. Kondoo wake watatu walikuwa wameugua hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alichomwa sindano, hakupona, akachinjwa, na sasa wa nne alikuwa akizunguka. Tulimwuliza, "Vichwa ulivipeleka wapi?" Akajibu, "Nilimpa mbwa." Hapo tukajua pa kuanzia.

SAFARI YA MDUDU

Kizunguzungu cha kondoo huletwa na tegu. Tegu mkubwa hukaa tumboni mwa mbwa, na mbwa haonekani mgonjwa. Mayai hutoka pamoja na mavi yake, nayo ni madogo hata hayaonekani kwa macho. Kondoo akila majani yenye mayai hayo, vijidudu huingia katika damu, na wale wafikao ubongoni hufanya mfuko wa maji. Mfuko hukua polepole kwa miezi, hata kuwa kama yai la kuku, ukiubana ubongo. Mbwa akila kichwa hicho kibichi, hupata tegu wapya, na safari huanza tena.

DALILI ZINAZODANGANYA

Ugonjwa huu si wa kila siku, na ni rahisi kuudhania mwingine. Basi linganisha:

Maji moyo pia huweza kumfanya kondoo azunguke. Lakini huletwa na kupe, huja na homa kali, na huua kwa siku chache.

Funza wa puani humfanya atikise kichwa na kuyumba. Lakini huyo hupiga chafya na kutoa kamasi nzito.

Mwenye kizunguzungu kwa kawaida hana homa. Ugonjwa huja polepole, na huwapata zaidi kondoo wa miezi 6 hadi 18. Huinamisha kichwa, huzunguka upande ule ule, na pengine jicho moja halioni. Ukibonyeza fuvu kwa kidole gumba, huenda ukasikia mahali palipolegea.

Lakini angalia! Kondoo aliyeumwa na mbwa, au aliye mkali na kutoa mate mengi, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite daktari wa mifugo upesi.

Ushahidi kamili umo ndani ya fuvu, na kulipasua ni kazi ya mtaalamu. Kondoo wa nne wa mkulima yule alipopasuliwa, ulionekana mfuko wa maji maangavu, na ukutani mwake vidoa vyeupe vingi vilivyoshikana.

LA KUFANYA

Sindano ya maji moyo haiutoi mfuko huo. Daktari aweza kuutoa kwa kupasua, lakini gharama huenda ikapita bei ya kondoo. Kwa hiyo mkinge:

1. Usimpe mbwa kichwa kibichi. Kichome moto, au ukifukie chini sana.

2. Mpe mbwa dawa ya tegu, prazikwanteli, kwa kadiri ya uzito wake, kila wiki 6 hadi 8. Mfunge siku mbili, uyachome mavi yake.

3. Shauriana na majirani. Mbwa wa jirani hajui mpaka wa shamba lako.

4. Nawa mikono na uoshe mboga. Ni mara chache, lakini mtu naye aweza kumeza mayai hayo, akapata mfuko ubongoni, maumivu ya kichwa na kifafa.

Mkulima yule alirudi nyumbani na dawa ya mbwa, si ya kondoo. Tulimwonya kwamba kondoo waliokwisha kula mayai huenda wakaugua miezi ijayo, naye asikate tamaa wala asiache dawa. Wewe usingoje wa nne. Leo hii, tazama mbwa wako anatafuna nini.