Mgeni njoo, mwenyeji apone

Leo tutafakari pamoja habari ya safari za huduma, zile za juma moja au mawili, ambapo kundi la waumini huvuka mipaka kwenda kuwahudumia ndugu wa nchi nyingine. Huenda kanisa lako limewahi kupokea wageni wa namna hiyo, wakajenga darasa au kupima wagonjwa. Huenda kwaya yenu au vijana wenu wanachangisha nauli kwenda nchi jirani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji hupona kweli?

Tuangalie mfano mmoja. Mwishoni mwa Oktoba 1998 Kimbunga Mitch kiliipiga Amerika ya Kati. Nchini Honduras maelfu ya watu walikufa na nyumba nyingi mno zikasombwa. Makanisa ya Amerika Kaskazini yakaguswa. Vikundi vikapanda ndege, vikaenda kuchanganya saruji na kuwajengea nyumba waathirika. Baadaye Kurt Ver Beek, mhadhiri wa Chuo cha Calvin cha Marekani aliyeishi Honduras miaka mingi, alizifuatilia familia zilizopata nyumba pamoja na wasafiri waliozijenga. Alikuta kwamba nyumba iliyojengwa na wageni, ukijumlisha na nauli zao, iligharimu takriban dola 30,000 za Marekani. Shirika la wenyeji lilijenga nyumba kwa dola 2,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe: nyumba moja, au nyumba 15. Na alipolinganisha maisha ya familia hizo, hakuona tofauti ya maana kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na wenyeji. Hata kwa wasafiri wenyewe, mabadiliko ya kudumu aliyoyakuta waliporudi makwao yalikuwa madogo kuliko walivyotarajia.

Basi safari hizi zifutwe? Tusikimbilie huko. Yupo atakayeuliza, na swali lake ni la haki: bila safari, fedha hizo zingetolewa? Ni rahisi kumchangia nauli kijana unayemjua kuliko kumchangia mtu wa mbali usiyemwona. Tena ipo faraja ambayo fedha haiwezi kuibeba. Aliyefiwa anajua: rambirambi iliyotumwa kwa simu huishukuru, lakini aliyekuja akaketi naye mkekani hamsahau.

Fungua Matendo ya Mitume 11:27-30. Nabii Agabo alitabiri njaa kuu, nayo ikatokea zamani za Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia wakachanga, kila mtu kadiri ya uwezo wake, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hiyo nayo ilikuwa safari fupi ya huduma.

Tazama walivyoifanya. Hitaji lilitangulia, safari ikafuata. Hawakupanga safari kisha wakatafuta hitaji la kuihalalisha. Kanisa zima lilichanga, lakini Maandiko yanawataja wasafiri wawili tu. Walipofika, msaada uliwekwa mikononi mwa wazee wa kanisa la huko, watu waliomjua mjane yupi hana unga. Kisha sura ya 12:25 inatuambia kwamba walipomaliza huduma yao walirudi wakiwa na Yohana Marko, ambaye mama yake alikuwa na nyumba Yerusalemu. Waliopeleka msaada walirudi na mtenda kazi kutoka kwa waliosaidiwa, na miaka mingi baadaye Paulo anamwagiza Timotheo amlete Marko huyo kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Nasi tunaopokea wageni tuna letu la kujibu. Kanisa linahitaji kisima, wageni wanataka kupaka ukuta rangi, nasi tunasema "asanteni, karibuni tena" kwa hofu ya kumpoteza mfadhili. Huo si ukarimu. Paulo, akiwaandikia Warumi 1:11-12, anasema anatamani kuwafikia awape karama ya rohoni, na papo hapo anaongeza kwamba naye anatazamia kufarijiwa kwa imani yao. Ikiwa mtume alikwenda akijua atapokea, basi mwenyeji si ombaomba. Anacho cha kutoa, na cha kwanza ni ukweli. Mwambie mgeni wako kwa upole kile mnachohitaji. Akikupenda, atasikia.

Ndugu msomaji, kabla kamati yenu haijakata tiketi, mwulizeni mchungaji wa huko mnakokwenda: fedha zote hizi zikiwekwa mikononi mwenu, mngezifanyia nini? Jibu lake liingie kwanza kwenye bajeti, nauli zifuate. Kama wanaotaka kwenda ni 12, pengine watatu wanatosha kupeleka salamu, kuomba pamoja na ndugu na kurudi na habari. Hao tisa watakaobaki nao watoe kile ambacho kingekuwa nauli yao. Hapo ndipo kila mmoja atajua kama alichokipenda ni ndugu au ni safari.

Bwana atupe mioyo ya kutoa hata pale ambapo hatutapigwa picha.