Kitambaa cha Wanawake wa Coventry

Mwanamke wa Ifakara akimsukia mkeka jirani aliyeunguliwa na nyumba, hampi ukindu tu. Ampa na siku zote alizoketi kuusuka. Twataka kueleza zawadi za namna hiyo zilizovuka bahari.

Katika mapigano ya Stalingrad, mji wa Urusi, tangu Agosti 1942 hata Februari 1943, nyumba karibu zote zilibomoka. Mfalme George VI wa Uingereza aliamuru ufuliwe upanga kwa heshima ya wenyeji wake. Mhunzi mzee Tom Beasley aliufua kwa mkono, na Churchill akamkabidhi Stalin mjini Tehran tarehe 29 Novemba 1943.

Lakini sisi twaipenda zaidi zawadi ya Coventry, mji wa Uingereza ambao nao ulipigwa mabomu ya Wajerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, hata kanisa lake kuu likateketea. Majina ya wanawake 830 wa huko yalitiwa kwa sindano na uzi katika kitambaa kimoja cha meza, kikapelekwa Stalingrad pamoja na fedha walizochanga, kila mmoja peni sita. Labda huko meza nzima ya kukitandikia ilikuwa shida kupatikana! Kitambaa hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo, uitwao Volgograd tangu 1961.