Ukiona mtambo wa gemu ni rahisi, uliza bei ya gemu

Mzazi, je, mwanao amekuwa akikusumbua umnunulie mtambo wa michezo ya video? Kabla hujafungua mkoba, keti kwanza upige hesabu. Bei uliyoiona dukani si gharama yote. Isitoshe, huenda kampuni iliyouunda mtambo huo haipati faida yoyote katika bei hiyo.

Usistaajabu. Biashara hii ni kama ile ya wembe. Kishikio huuzwa kwa bei nafuu kwa kuwa muuzaji anajua utarudi kununua wembe mara kwa mara. Vivyo hivyo, kampuni ya mtambo hupata mrabaha, yaani fungu lake, katika kila gemu inayouzwa, hata kama gemu hiyo imetungwa na kampuni nyingine. Katika maduka ya intaneti ya mitambo hiyo, fungu hilo kwa kawaida ni asilimia 30. Mtambo ukishaingia sebuleni mwako, umekuwa ng'ombe wa kukamwa miaka mingi.

Fauka ya hayo, watunzi wa gemu hufuata mahali walipo wachezaji wengi, nao wachezaji hufuata mahali zilipo gemu nzuri. Ndiposa kampuni hizi hung'ang'ania wateja kwanza, faida baadaye.

Tofauti ya dola 100

Mnamo Mei 1995, katika maonyesho mjini Los Angeles, Marekani, kampuni ya Sega ilitangaza kuwa mtambo wake wa Saturn ungeuzwa dola 399. Siku iyo hiyo, afisa wa Sony alipanda jukwaani akataja bei ya PlayStation: dola 299. Akashuka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Saturn haikuinuka tena huko Marekani. Sega ilijaribu bahati mwaka wa 1999 kwa Dreamcast ya dola 199, lakini ilipofika Januari 2001 ilitangaza kwamba inaacha kuunda mitambo. PlayStation nayo iliuzwa zaidi ya milioni 100. Kupunguza bei peke yake hakutoshi, maadamu wateja wamekwisha kuhamia kwa mpinzani.

Hata hivyo, mshindi naye hulewa ushindi. Mwaka wa 2006 Sony ilileta PlayStation 3 kwa dola 499 na 599, na bado bei hiyo haikufikia gharama ya kuiunda. Wengi waliichukua Xbox 360 ya Microsoft, iliyotangulia mwaka mmoja kwa bei iliyoanzia dola 299. Microsoft nayo haikustarehe. Mwaka wa 2007 ililazimika kutenga zaidi ya dola bilioni moja za kutengeneza mitambo iliyoharibika mikononi mwa wateja.

Nintendo ya Japani ilifuata njia nyingine. Wii yake ya mwaka wa 2006 ilitumia vifaa visivyo ghali, ikauzwa dola 250 na kuleta faida tangu mwanzo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Lakini mwaka wa 2011 kampuni iyo hiyo ilitoza dola 250 kwa mtambo mdogo wa 3DS, wateja wakaukwepa. Kabla ya miezi sita kwisha, bei ilikuwa dola 170, na rais wa kampuni, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara.

Je, ufanye nini?

Mwaka wa 2021, afisa wa Microsoft alieleza mahakama ya California kuwa kampuni hiyo haijawahi kupata faida kwa kuuza mtambo wa Xbox wenyewe. Basi elewa, mzazi, faida hiyo hutafutwa kwako baadaye.

Kwa hivyo, jumlisha bei ya mtambo, gemu utakazonunua kwa mwaka, na ada ya kucheza na wenzake kwa intaneti. Uliza pia kama mtambo una mahali pa kutia diski. Gemu ya diski mwanao anaweza kumwazima jirani au kuiuza. Ya intaneti haiazimiki hivyo.

Wala usingoje tu bei ishuke kama zamani. Sony ilipandisha bei ya PlayStation 5 katika nchi nyingi mwaka wa 2022, na Marekani mwaka wa 2025.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Ukishajua ghali hiyo imejificha wapi, utanunua kwa kiasi cha mfuko wako.