Usiseme: "Ni Michezo Tu"

Mzazi mpendwa, siku mutoto anarudi ku masomo na kusema, "Leo tulicheza teatre," usimukaripie upesi. Kwanza umuulize: "Ulikuwa nani?"

Sisi watu wa Katanga twajua kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Mwaka 1986 walitunga muchezo kutoka mezali moja: "Le pouvoir se mange entier", ni kusema, mamlaka inaliwa nzima. Hawakuandika maneno kwanza. Walikaa, wakabishana juu ya maana, wakagawana kazi, wakajaribu, kiisha wakacheza mbele ya watu kwa Kiswahili chetu.

Mwalimu anaweza kufuata njia ile ile. Awape wanafunzi jambo moja: kijana anataka kuacha masomo aende kuchimba mawe. Mumoja awe baba asiye na mushahara, mwingine mama, mwingine kijana. Kiisha wabadilishane: yule aliyekuwa kijana, sasa ajibu kama baba. Mutoto aliyezoea kukariri Kifaransa bila kuelewa, hapo atatafuta maneno yake mwenyewe.

Na wewe baba, uende, uketi mbele. Pengine utasikia pale neno ambalo mutoto wako anaogopa kukuambia nyumbani.