Kioo Kinachosomeka Juani

Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, mwanga wa jua unaofika ardhini Dodoma au Garissa ni takriban laksi 100,000. Ofisi yenye taa za kutosha ina laksi 300 hadi 500. Macho yetu huivumilia tofauti hiyo kubwa bila shida, kwa sababu mboni hujibana na neva za jicho hupunguza wepesi wake wa kuhisi mwanga. Kioo cha kishikwambi hakijaundwa hivyo. Ndiyo maana bwana shamba anayejaza fomu katikati ya mahindi, au mhudumu wa afya anayeandika uzito wa mtoto uani kwa watu, huishia kukifunika kwa kiganja, kujigeuza huku na huku akitafuta kivuli chake mwenyewe, na mwisho kuandika kwenye daftari ili ahamishie baadaye.

Tatizo hili lina hesabu yake, na ni nyepesi. Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti. Kishikwambi cha kawaida kikipandishwa mwangaza hadi mwisho hutoa niti 300 hadi 500. Tuchukue 300. Hakuna kioo kisichorudisha mwanga kabisa, kwa hiyo tuseme hiki chetu, pamoja na vumbi na alama zake za vidole, hutawanya asilimia moja tu ya mwanga unaokigonga. Asilimia moja ya jua la mchana, laksi zikigawanywa kwa pai ili kupata niti, ni kama niti 318, nazo hutapakaa kioo kizima, juu ya herufi nyeusi na juu ya ukurasa mweupe vilevile. Sehemu iliyotakiwa kuwa nyeusi sasa inang'aa kwa niti 318, na nyeupe kwa 618. Weupe umebaki kuwa mara mbili tu ya weusi. Herufi zipo, lakini zimezama.

Sasa weka karatasi ya kitabu mahali hapohapo. Karatasi nzuri hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga, maana yake inang'aa kwa zaidi ya niti 25,000. Wino mweusi hurudisha kama asilimia 5, yaani niti 1,600 hivi. Weupe ni mara 16 ya weusi. Na uwiano huo haubadiliki ukiingia ndani, ukikaa chini ya mwembe au ukisimama ufukweni, kwa kuwa karatasi haina mwanga wake yenyewe, inatumia ulioikuta. Kwa karatasi, jua likizidi kuwa kali, kusoma kunazidi kuwa rahisi.

Watengenezaji wa simu wamejibu kwa kuongeza nguvu ya taa. Simu za bei ya juu leo hufikisha niti 2,000 na zaidi zikiwa nje, na ukirudia hesabu ile utaona weupe unafika kama mara saba ya weusi. Inasomeka. Anayelipa ni betri. Katika kioo cha LCD, yaani cha fuwele kimiminika, mwanga wa taa ya nyuma hukutana kwanza na kichujio kinachopitisha mawimbi ya mwelekeo mmoja tu, na hapo nusu inapotea. Ukifika kwenye vichujio vya rangi, theluthi mbili ya uliobaki inapotea tena. Nyaya na transista ndogo zilizopangwa katikati ya nukta zinazounda picha nazo huzuia sehemu yao. Kinachotoka mbele ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga uliowashwa, na kilichobaki kinageuka joto. Vioo vya OLED havina taa ya nyuma, lakini kila nukta yao hula umeme kulingana na mwanga inaoutoa, hivyo juani navyo vinakuwa walafi.

Joto hilo linajumlishwa na la jua lenyewe. Apple huwashauri wateja wake watumie simu na vishikwambi vyake mahali penye nyuzijoto 0 hadi 35. Mombasa mwezi wa pili inaukaribia mpaka huo, na Muscat wakati wa kiangazi huuvuka kwa mbali. Kifaa kikipata moto kupita kiasi hujilinda kwa kushusha mwangaza, saa ileile unapouhitaji zaidi. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba njia yenyewe ina kasoro. Kuongeza niti kunamfaa mtu anayetoka nje dakika mbili kujibu ujumbe. Hakumfai anayeshinda nje.

Njia ya pili ni kulitumia jua lenyewe kama taa, na wengi wetu tumeishi nayo. Wenye simu za kitochi, ambazo Kenya huitwa mulika mwizi, hawakuwa na ugomvi na jua. Nokia 1100, iliyoingia sokoni mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuwa na kioo cha rangi moja chenye utando wa kuakisi nyuma ya fuwele kimiminika. Mwanga wa nje uliingia mbele, ukagonga utando, ukarudi machoni. Kazi ya fuwele ilikuwa kuamua ni nukta gani ipitishe na ipi izuie, na kazi hiyo haihitaji umeme wa maana. Taa yake ya ndani ilikuwa ya usiku. Kikokotoo cha dukani, kile chenye kipande kidogo cha sola, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo hadi leo.

Kilichoiondoa njia hii mikononi mwetu ni rangi. Ili kioo cha kuakisi kionyeshe rangi, mwanga lazima upite kwenye kichujio mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na kila mara unapungua. Picha inakuwa kama nguo iliyofuliwa mno. Nintendo walikutana na shida hiyo mwaka 2001 walipotoa Game Boy Advance yenye kioo cha rangi kisicho na taa. Watoto walilazimika kukaa karibu na dirisha au chini ya balbu ili waone wanachocheza, na mwaka 2003 kampuni ikatoa toleo lenye taa yake. Simu nazo zikafuata mkondo huohuo, na kufikia wakati simu janja zinaenea, kioo kisichowaka chenyewe kilikuwa kimekwisha kuonekana cha kizamani.

Kazi iliyonivutia zaidi katika historia hii ni ya Mary Lou Jepsen, mtaalamu Mmarekani wa fizikia ya mwanga. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa chuo kikuu cha MIT alitangaza mpango wa kumpatia kila mtoto wa nchi maskini kompyuta ndogo ya dola 100, na Jepsen akawa mkuu wa teknolojia wa mpango huo. Shule zilizolengwa nyingi hazikuwa na umeme, na kioo ndicho kilichokuwa mlaji mkubwa wa nishati katika kompyuta za mkononi. Jepsen akaanza usanifu kutoka kwenye kioo, jambo ambalo watengeneza kompyuta hawakuwa na desturi ya kulifanya.

Kila nukta ya kioo chake aliigawa sehemu mbili. Moja ilikuwa ya kuakisi, isiyo na kichujio cha rangi. Nyingine ilikuwa dirisha dogo, ambalo mwanga wa taa za LED zilizo nyuma ulipitia ukiwa na rangi. Ndani ya nyumba, taa ikiwa imewashwa, mtoto aliona picha za rangi. Akitoka nje, mwanga wa jua uliushinda ule wa taa, rangi zikafifia, na kikabaki kioo cha nyeusi na nyeupe chenye nukta 1,200 kwa 900 katika eneo la inchi 7.5 tu kutoka kona hadi kona. Hizo ni nukta 200 kwa kila inchi, karibu na ukali wa maandishi ya kitabu kilichochapwa. Hata hivyo kilitengenezwa katika viwanda vilevile vya LCD, kwa mitambo iliyokuwepo. Taa ikiwaka, kioo kilitumia kama wati moja, na ikizimwa kilishuka hadi sehemu ya kumi au mbili ya kumi ya wati, wakati vioo vya kompyuta za kawaida vya miaka hiyo vilitumia wati kadhaa.

Kuna jambo moja hapo ambalo husahaulika, nami naliona kuwa na uzito sawa na kioo chenyewe. Ukishusha ulaji wa kioo na kuacha kichakataji kikikesha, umeokoa kidogo tu. Kompyuta ile, XO-1, iliwekewa chipu ya pekee iliyoshika picha iliyoko kwenye kioo na kuendelea kuionyesha huku kichakataji kimelala. Mtoto akisoma ukurasa kwa dakika tatu, ubongo wa kompyuta ulilala dakika hizo tatu, na kuamka kitufe kilipobonyezwa.

Uzalishaji mkubwa ulianza Novemba 2007, bei ikiwa imefika karibu dola 190. Peru ilinunua mamia ya maelfu, na hapa kwetu Afrika Mashariki, Rwanda ndiyo iliyozipokea kwa wingi zaidi. Mpango wenyewe ulikosolewa sana, na kwa haki. Tathmini iliyofanyika Peru haikuona kwamba watoto wamepanda katika hisabati au lugha kwa sababu ya kuwa na kompyuta. Lakini kosa la kudhani kifaa kinaweza kufanya kazi ya mwalimu halikuwa kosa la kioo. Kioo kilifanya kile kilichoahidiwa.

Jepsen aliondoka, na mwaka 2008 akaanzisha kampuni ya Pixel Qi ili teknolojia hiyo iingie katika vifaa vya watu wote. Ikatoa kioo cha inchi 10.1, na mwaka 2011 kikaonekana ndani ya kishikwambi kiitwacho Adam, cha kampuni ya Notion Ink ya India. Baada ya miaka michache Pixel Qi ikanyamaza, na Jepsen mwenyewe mwaka 2013 alihamia Google. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kibiashara: viwanda vya vioo vinataka oda kubwa, na kampuni changa haina oda kubwa. Hayo ni kweli. Ila nadhani kuna sababu iliyo karibu zaidi na mnunuzi. Vishikwambi huchaguliwa dukani, chini ya taa za tyubu, vikiwa vimepangwa kimoja kando ya kingine. Mahali hapo kioo chenye rangi kali lazima kishinde, na kile kinachosomeka juani lazima kionekane kimefifia. Kifaa cha kutumiwa nje kinahukumiwa ndani, na hukumu hiyo ndiyo iliyoamua viwanda vitengeneze nini.

Tawi lililofanikiwa ni la wino wa kielektroniki. Kampuni ya E Ink ilizaliwa MIT mwaka 1997. Kioo chake kina vifuko vidogo mno, vyenye upana wa unywele hivi, na ndani yake chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji tofauti. Umeme huamua zipi zije juu, kisha hukatika, na picha hubaki palepale bila kula chochote. Kindle ya mwaka 2007, kifaa cha kusomea vitabu, ilijengwa juu ya kioo hicho. Kwa kusoma kitabu sijaona kinachokishinda. Kasoro yake ni uvivu: kubadili ukurasa mzima huchukua sehemu kubwa ya sekunde, hivyo kupitisha orodha ndefu kwa kidole au kusogeza ramani kunachosha. Tena vioo vyake vya awali vilikuwa dhaifu, na shirika la Worldreader, lililoanza mwaka 2010 kwa kupeleka Kindle shuleni Ghana, lilihangaika sana na vilivyovunjika.

Baadhi ya saa za mkononi za Garmin zimeshika njia ya kati, kioo cha LCD cha kuakisi ambacho kila nukta yake ina kumbukumbu ndogo ya kushikilia hali yake, na betri hukaa siku nyingi. Katika vishikwambi, mwaka 2024 kampuni ya Daylight ya Marekani ilitoa DC-1, chenye kioo cha kuakisi cha inchi 10.5 kinachobadilika haraka kama LCD yoyote. Hakina rangi, na kilitoka kwa dola 729. Kwa bei hiyo hakiwezi kumfikia bwana shamba wetu. Bei itashuka pale tu oda zitakapokuwa kubwa.

Na oda kubwa tunazo. Kenya ilifanya sensa ya mwaka 2019 kwa vishikwambi, Tanzania ikafanya hivyo mwaka 2022 na baadaye kuvigawa kwa walimu. Miradi ya afya, kilimo na upimaji wa ardhi hununua vingine kila mwaka. Mnunuzi wa aina hiyo ana sauti ambayo Pixel Qi haikuipata kwa mteja mmojammoja dukani.

Kwa aliye tayari na kifaa cha kawaida, yapo machache yanayosaidia leo. Nje, tumia herufi nyeusi kwenye ukurasa mweupe. Ile hali ya giza inayopendwa usiku inakuwa adui mchana, kwa kuwa kioo cheusi hugeuka kioo cha kujitazamia. Protekta iwe isiyong'aa, na ishike kioo chote bila kuacha hewa katikati, maana kila mahali hewa inapokutana na kioo, asilimia 4 hivi ya mwanga inarudishwa. Futa alama za vidole kabla ya kutoka. Ukivaa miwani ya jua yenye vichujio vya polaroidi na kioo kikaonekana cheusi kabisa, kizungushe kishikwambi robo mzunguko kabla ya kudhani kimezima.

Kwa wanaoandika zabuni, naomba sharti moja liongezwe kando ya yale ya kumbukumbu, kamera na betri. Sampuli za vifaa zitolewe nje saa saba mchana, mahali pasipo kivuli, taa ya nyuma ikiwa imeshushwa hadi mwisho. Karani atakayekitumia kifaa kazini, siye mkuu wa idara wala muuzaji, apewe fomu halisi yenye herufi za ukubwa wa kawaida aijaze yote. Kisha kifaa kiachwe juani saa moja, na afungue fomu ya pili.