RISASI ZA KUJAZWA UPYA NA BUNDUKI KUUKUU ZA KIJESHI: MAELEZO KWA WANANCHI WA MUSOMA, BUNDA NA BUTIAMA

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama walio na bunduki kuukuu za kijeshi, za kurithi au za kununuliwa, wanafahamishwa kwamba ganda la risasi lililokwisha kufyatuliwa halipaswi kujazwa tena baruti nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya 2015 hairuhusu mtu asiye na leseni kutengeneza silaha wala risasi. Hata hivyo, sababu za katazo hilo ni za kiufundi, na ni vyema zikaelezwa, kwani agizo linaloeleweka hushikwa kwa urahisi zaidi.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa. Fataki inapogongwa hutoa cheche na kuwasha baruti, nayo baruti huungua kwa kasi iliyopimwa kiwandani, gesi yake ikakisukuma kichwa mtutuni. Papo hapo ganda hutanuka likabana kuta za chumba cha risasi, na hivyo kuizuia gesi isirudi usoni mwa mpigaji. Kazi hiyo ya kuziba ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayolishinda ganda lililochoka.

Ichukuliwe kwa mfano Lee-Enfield ya .303, bunduki ya askari wa KAR katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Meno yanayofunga komeo lake yako nyuma, si mbele kama yalivyo katika Mauser ya 1898, na chumba chake cha risasi kilichongwa kwa nafasi kubwa ili kisikwame kwa matope. Kwa sababu hiyo ganda hunyooka kila linapofyatuliwa, na shaba hupungua unene karibu na kitako, mahali pasipoonekana kwa nje. Likirudiwa mara chache hukatika vipande viwili. Aidha, fataki nyingi za kijeshi za zama hizo zilikuwa na zebaki, ambayo huifanya shaba iwe dhaifu kama kigae. Fataki hizo pia huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hunyonya unyevu na kuleta kutu, jambo ambalo wakazi wa kando ya Ziwa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Upande wa baruti, wapo waliozoea gobore, ambalo hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, na ambao hukadiria kwa macho. Mazoea hayo hayafai kwa ganda la bunduki ya kijeshi. Kwa bahati mbaya Kiswahili hutumia neno moja, baruti, kwa vitu visivyofanana kabisa. Baruti ya kupasulia miamba, kama ile itumiwayo na wachimbaji wa dhahabu huko Buhemba, haiungui taratibu. Hulipuka mara moja, na hakuna mtutu uliotengenezwa kuistahimili.

Historia ya nchi hii ina ushahidi wa jambo hili. Mwezi Aprili 1915, katika vita vile vilivyofika hadi Shirati kaskazini ya Musoma, meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth na kuzama katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena yake ya silaha na risasi iliopolewa, lakini maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kuingia katika risasi. Jeshi la von Lettow-Vorbeck liliweka karakana Moshi, na kwa miezi kadhaa risasi hizo zilifunguliwa, baruti ikasafishwa, na baadhi ya fataki zikabadilishwa. Pamoja na juhudi hizo, risasi zilizohesabiwa kuwa nzuri za kutosha kwa vita zilikataa kulia karibu moja katika kila tano. Ikiwa jeshi lenye mafundi lilipata matokeo hayo, ni rahisi kukisia yatakayopatikana uani kwa mtu.

Risasi iliyokataa kulia si salama. Huenda ikachelewa na kulia baada ya kitambo, wakati komeo linafunguliwa. Yenye nguvu hafifu hukiacha kichwa kikiwa kimekwama mtutuni, na risasi ifuatayo hupasua mtutu.

Inafahamika kwamba katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na mapori ya hifadhi, tembo wakiingia shambani usiku mmoja huweza kumaliza chakula cha mwaka. Hasira ya mkulima ina haki yake. Lakini risasi dhaifu humjeruhi tu mnyama, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Taarifa ipelekwe mapema kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Wanyamapori.

Kadhalika, leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, wala hairithiwi pamoja na bunduki. Familia inayokuta bunduki au risasi katika mali za marehemu itoe taarifa katika kituo cha Polisi kilicho karibu. Katika mwaka 2022 na 2023, kati ya 1 Septemba na 31 Oktoba, Serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha kwa hiari silaha wasizokuwa na kibali chake. Bunduki yenye risasi iliyokwama isifunguliwe wala kubebwa hadi kituoni. Iachwe mahali ilipo, watoto waondolewe, na Polisi waitwe.