MTOTO MWEREVU ANAYESHINDWA DARASANI: TUMSAIDIEJE?



Katika kuzunguka vijijini tunakutana na watoto wa namna hii: mtoto anajibu maswali magumu, hadithi anaisimulia yote bila kukosea, hata redio iliyoharibika anaitengeneza. Lakini mpe kitabu asome, anakwama. Basi anaitwa mvivu, na jioni anachapwa.

Pengine ana disleksia, yaani ubongo wake unapata shida kuunganisha herufi na sauti. Huo si ujinga. Kuna njia ya kuchunguza.

Kipimo cha akili ni nini?

Si mtihani wa kupita au kuanguka. Mwanasaikolojia hukaa na mtoto mmoja mmoja na kumpa maswali ya maneno, mafumbo ya picha, tarakimu za kukumbuka na kazi za kufanya haraka. Alama ya kati ni 100. Karibu theluthi mbili ya watoto huwa kati ya 85 na 115.

Shida ni kwamba wengi wetu hutaka nambari moja tu. Tuseme mtoto amepata 130 kwa kueleza mambo kwa maneno, lakini kwa kasi ya kazi amepata 80. Ukiunganisha yote anaonekana wa kawaida, na hakuna atakayemjali. Kipaji kimefunika shida, nayo shida imefunika kipaji. Kwa hivyo ombeni mwelezwe kila sehemu. Tena kipimo hiki peke yake hakitoshi. Lazima apimwe pia kusoma na kuandika.

Tufanye nini?

1. Kwanza apimwe macho na masikio. Huenda haoni ubao vizuri.

2. Mwulizeni mwalimu mkuu kituo cha EARC kilicho karibu. Vituo hivi vya serikali vilianza mwaka 1984, kazi yao ikiwa kuchunguza watoto wenye mahitaji maalum na kushauri shule.

3. Apimwe kwa lugha anayoielewa. Asiyejua Kiingereza vizuri akipimwa kwa Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake, si akili yake.

4. Ripoti isifungiwe sandukuni. Ipelekeni kwa mwalimu, mkubaliane: maswali mengine ajibu kwa mdomo, aongezewe muda, na afundishwe herufi na sauti zake polepole, hatua kwa hatua. Kwa mitihani ya taifa, shule iulize KNEC mapema kuhusu muda wa ziada.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuchapwa shuleni. Na nyumbani je? Kiboko hakimfundishi mtu kusoma. Mtoto akiambiwa kila siku kuwa ni mjinga, mwishowe ataamini na kuacha shule, na hapo tumepoteza fundi, mwalimu au daktari wetu wa kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tusingoje muhula mwingine upite.